Kimya Ndani ya Wimbo wa Tantine Katungu

Mnisamehe mwandiko huu na makosa yake. Niliishia darasa la sita na mkono wangu huenda polepole, ila kuna jambo haliniachi nitulie.

Ninyi mliokimbia pamoja nami kutoka Kalunguta kuja Butembo, mnakumbuka tulipokuwa wadogo: mpira wa majani makavu ya migomba, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mlio wa sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa kila ua. Na zile siku za ville morte, maduka yote yamefungwa kulalamikia mauaji, barabara nzima ikiwa yetu sisi watoto.

Siku hizo Tantine Katungu, mdogo wake mama, alifanya mazoezi uani. Aliimba jazz hotelini, na sasa alikuwa anatengeneza albamu. Nyimbo zilikuwa za zamani, za watu wengine, lakini katikati ya wimbo wa mwisho aliweka majina ya watu wetu waliouawa mashambani, ili wakubwa walionyamaza wayasikie. Kila jina lilisemwa na mtoto wa marehemu.

Studio ilikuwa chumba kilichozibwa kwa magodoro. Wenzangu walisema majina ya wazazi wao, wakatoka. Zamu yangu ikafika.

“Hapana ogopa, mutoto,” Tantine akaniambia. “Sema tu jina ya baba yako.”

Nilitazama viatu vyangu. Saksafoni ikangoja. Mpigaji akamwomba Tantine alitaje yeye, wamalize kazi. Akakataa.

“Hii ni pahali yake. Tutaiacha wazi.”

Albamu ikatoka na kimya changu ndani. Enzi zetu, wimbo ukifika hapo, hata mama wa mandazi aliacha mwiko wake. Vijana wa leo wanaipiga simu kofi, wanasema carte ya nyimbo ndani yake imekufa, wanarukia wimbo mwingine. Ninacheka, halafu usingizi unapotea.

Juzi wimbo ulilia kwa jirani. Nikasimama mlangoni, nikasema: Paluku. Nilichelewa. Saksafoni ilikuwa imeanza tena.

Zamani redio moja ilitosha mtaa mzima. Leo kila mtu ana wimbo mfukoni, na majina yamekuwa mengi kuliko wimbo unavyoweza kubeba. Kama nawe jina lilikukwama kooni, niandikie. Nitalisoma polepole, na kimya kikifika nitalisema pamoja na la baba. Safari hii nitawahi.