Habari Huja Baada ya Uji

Siku hizi nikiingia kwa mtu nakula. Nikiwa nimeshiba nakula, nikiwa na haraka nakula, hata ikiwa ni chai iliyopoa na andazi la juzi, naketi na kula. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema mwanamke wa Meru hawezi kupita mlango unaotoa moshi. Wacha wacheke. Mimi ninajua ninachokitafuta kwenye sahani za watu.

Kwetu, kule juu ya Githongo mashamba ya kahawa yanakoanza kupanda mlima, mgeni haambiwi neno zito akiwa na njaa. Sikufundishwa adabu hiyo na mtu, nilikua ndani yake. Baba akirudi kutoka sokoni, hata kama ng'ombe amekufa mchana huo, mama alimpakulia kwanza. Sisi watoto tulikaa kimya tukimtazama akitafuna, kila mmoja akijua ng'ombe yuko nyuma ya nyumba amefunikwa majani ya mgomba, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Baba akishakula, akishanawa, ndipo mama anamwambia. Ukimpa mtu habari mbaya tumboni hamna kitu, walisema, umempiga mara mbili.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu anionee huruma akidhani sikujua.

Nilipata kazi Embu mjini, katika utafiti uliotaka kuelewa jinsi miji yetu na mahali petu pa kale patakavyostahimili hali hii ya hewa iliyogeuka. Lilikuwa jambo kubwa kwa maneno, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Tulizunguka Embu na Meru tukiuliza wenye maduka maji hupita wapi mvua ikizidi. Tuligusa kuta za majengo ya zamani ya mawe, zile ambazo siku hizi hunywa maji na kuvimba. Tuliteremka hadi Mbeere, kwenye visitu vitakatifu ambavyo ukame umevipunguza mpaka mtu akisimama upande mmoja anaona upande wa pili. Kila mahali tulijaza fomu kwenye tableti, na fomu ikishajaa inatoa alama yenyewe: nyekundu, manjano au kijani. Penye nyekundu ndipo wahandisi wangepelekwa na kuta za mawe zingejengwa. Penye kijani paliachwa.

Sheria zilikuwa chache. Kubwa kuliko zote ni kwamba usipokee kitu kutoka kwa mtu unayemhoji. Si soda, si ndizi, si uji. Mkubwa wetu, profesa mmoja mama mpole asiyepandisha sauti hata siku moja, alisema chakula kinanunua majibu. Ukutani nyuma ya kiti chake alikuwa amebandika ile methali ya shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliisoma kila asubuhi nikimngojea anipe barua za safari.

Kisitu cha kwetu nilikipendekeza mimi mwenyewe. Ni miti michache ya zamani kwenye bega la mteremko, mugumo, ule mkuyu mtakatifu, ukiwa katikati, mahali babu zetu walipoombea mvua wakiutazama mlima. Hakuna mtu wa kwetu anayeokota hata kijiti cha kuni pale. Chini yake inatoka chemchemi, na chini ya chemchemi ndipo palipokuwa na shamba la shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada ya baba. Aliolewa akiwa msichana, akarudi nyumbani kabla ya mavuno mawili kuisha, na sababu hakuitaja kamwe. Babu akamkatia kipande hicho chenye mteremko ambacho ndugu zake hawakukitaka. Akakishika. Akapanda kahawa, migomba na viazi vikuu, akajenga nyumba ya mbao upande mmoja na jiko upande wa pili, karibu na maji. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita "mama" tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Chakula kikiiva nilipakuliwa wa kwanza, mbele ya kaka zangu, na wakinung'unika anawauliza kama wao wamemzaa.

Nilimwambia profesa ukweli, kwamba mtu atakayehojiwa pale ni shangazi yangu. Akafikiri, akasema niende tu, mradi nijaze fomu kama ningejaza kwa mtu mwingine yeyote. Haya maneno niliyabeba kichwani kama ndoo iliyojaa. Sikutaka mtu aje aseme nimependelea kwetu.

Tulienda nikiwa na mwenzangu, kijana wa Embu ambaye Kimeru hakijui, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Kibuyu cha uji wa wimbi kilikuwa mezani, ule uliolala siku mbili ukachachuka vizuri, na vikombe vitatu vimefunikwa kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Nilinusa ule uji nikiwa bado mlangoni.

"Kwanza mkunywe, ndio tuongee," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa heshima, nikitabasamu, jinsi kazi yetu isivyoruhusu, kwamba si dharau, kwamba ni sheria ya wakubwa. Mwenzangu alikuwa anakitazama kibuyu kwa njaa ya wazi kabisa, maskini, tulikuwa tumetoka Embu bila kifungua kinywa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Shangazi akanitazama kwa muda, akarudisha kitambaa juu ya vikombe, akakinyoosha pembe zote nne.

Nikawasha tableti. Nikauliza umri wa kisitu, nani anakitunza, chemchemi hukauka miezi gani. Alijibu kila kitu kwa sauti ya mtu anayejibu karani. Kisha nikafika kwenye lile swali, na nililisoma kama lilivyoandikwa: je, kuna hatari yoyote ambayo umeiona hapa tangu ukame uanze?

Akatazama kibuyu. Akanitazama mimi.

"Hakuna. Tuko tu sawa, Mungu anatusaidia."

Nikabonyeza hapana.

Mwenzangu akataka tupande nyuma ya miti tupige picha kutoka juu. Shangazi akasema njia ya huko ni mbaya, lakini tukishakula atatupeleka mwenyewe. Nikasema picha za chini zinatosha. Dakika zetu zilikuwa zimeisha, na tulikuwa na jengo lingine la kuona Meru mjini kabla ya saa kumi. Naandika haya kwa hasira, na hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Alitusindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo ada. Mwenzangu alipotangulia, shangazi akanishika kiganja.

"Mama, hata kikombe kimoja?"

Nikamwambia nitarudi Jumamosi nikiwa si wa kazi, nitakunywa kibuyu kizima. Akaangua kicheko kidogo. Akasema sawa, ukirudi utakula, halafu tutaongea. Alilisema hivyo hivyo, tutaongea, na mimi nikalisikia, nikaingia garini.

Jumamosi hiyo nilikuwa na ripoti. Iliyofuata niliumwa na kichwa, au nilisema naumwa. Baadaye nikaacha hata kutafuta sababu. Nilimpigia simu mara mbili au tatu, akaniuliza habari za Embu, nikamuuliza habari za kahawa, akasema njoo. Hakuniambia kingine. Si mtu wa kupitisha jambo zito kwenye simu, na simu yenyewe aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto.

Ripoti ilisomwa katika hoteli moja Meru mjini. Tulipewa chai, sambusa na mayai, na wote tulikula, profesa pia. Ramani ikawashwa ukutani. Nyekundu zilikuwa nyingi: mitaro ya maji iliyoziba, kuta za zamani, visitu vya Mbeere. Nikakitafuta cha kwetu, nikakiona kwenye bega la mteremko, kijani kibichi. Nilifurahi, jamani. Niliwaza, angalau kwetu ni salama, nikachukua sambusa nyingine.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kama zinavyokuja siku hizi, zote kwa pamoja. Ardhi ilikuwa imekauka misimu mingi, halafu ikanyeshewa wiki mbili bila kupumzika. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua nguo pale ninapokaa Embu. Simu ikalia. Alikuwa jirani wa shangazi, mjane wa shamba la chini ambaye walichuma kahawa pamoja miaka yote. Alinisalimia vizuri. Akauliza kama nimeamka salama. Kisha akauliza:

"Umekunywa chai?"

Nikasema bado.

"Kunywa chai kwanza. Halafu ukuje nyumbani."

Nilikaa kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Sikunywa chai yoyote.

Nilipofika, nusu ya kisitu haikuwepo. Mteremko ulikuwa umeshuka wote kutoka nyuma ya mugumo, umebeba miti, chemchemi, migomba na jiko, ukavimwaga kwenye kahawa ya chini. Nyumba ya mbao ilikuwa imesimama pale pale, kioo hakijavunjika, kitanda kimetandikwa. Watu walichimba kwa majembe, kwa karai, kwa mikono. Walimtoa alasiri. Wanawake hawakuniruhusu nikaribie mpaka walipokuwa wamemwosha uso.

Mazishini watu walikuwa wengi na hakuna aliyenieleza lolote. Walinishika mkono, wakaniambia ni kazi ya Mungu. Nami nikaitikia kwamba ni kazi ya Mungu, huku nikijua kulikuwa na kazi ya mtu pia.

Niliporudi ofisini, alama ya kijani ilikuwa bado kwenye ramani. Profesa alilia, nami nikamwonea huruma, kwa sababu hakuwa na kosa kubwa kuliko la kuiamini fomu. Aliniuliza ilikuwaje tusione, mteremko kama ule haushuki bila dalili. Nikasema sijui. Akasema nirudi nikaulize, safari hii niende ninavyojua mwenyewe.

Nilirudi mwezi ukiwa umepita, nikaenda kwa yule mjane. Tableti niliiacha ndani ya mfuko. Alipika mukimo na maharagwe, akaweka na uji. Nilikula. Sahani niliimaliza, na yeye aliketi kando akinitazama kama sisi tulivyomtazama baba. Alinimiminia maji nikanawa. Akauliza kama nimeshiba. Nikasema nimeshiba.

Ndipo akaniambia. Nyuma ya mugumo kulikuwa na ufa tangu kiangazi, mrefu kuliko shamba lenyewe. Mwanzoni uliingia kidole. Shangazi alipigilia vijiti vya kahawa pande zote mbili, akawa anapima nafasi kwa mshipi wa nguo yake uliofungwa fundo, na kila baada ya muda fundo lilisogea. Wanawake walimwambia aende kwa chifu. Yeye akawauliza ataenda kwa chifu kutafuta nini, na mama yake ndiye anayefanya hiyo kazi ya kuokoa mahali pa zamani? Akawaambia siku atakayokuja, akishakula, atamwambia na kumpeleka auone kwa macho.

Nje kulikuwa na ng'ombe wake akisugua shingo kwenye nguzo. Lilibaki swali moja, na niliogopa kuliuliza kwa sababu nusu ya jibu nilikuwa nalo. Nyumba ya shangazi haikuguswa. Angekuwa kitandani angekuwa hai. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini jikoni alfajiri yote ile, na mvua vile, mtu mmoja anayeweza kuchemsha chai yake kwa stovu ndani ya nyumba.

Mjane akaichukua sahani yangu, akaishika mapajani.

"Si ilikuwa Jumamosi," akasema. "Kila Jumamosi alikuwa anaamka kukupikia uji."