Hodi ya Chumba cha Uani

Evodia, mwalimu mstaafu wa Kilole, Korogwe, alikuwa akipangisha chumba cha uani kwa wageni wa siku chache. Alizoea kuingia humo bila hodi, kwa ufunguo wake wa akiba, akisema nyumba ni yake.

Asubuhi moja alifungua mlango ili abadilishe mashuka, akidhani mgeni ametoka. Mgeni huyo, Naitoi, alitoka Handeni, na mtoto wake njiti alikuwa amelazwa hospitali. Alikuwa ameketi kitandani, kifua wazi, akikamua maziwa ya kumpelekea. Alishtuka, kikombe kikamponyoka, maziwa yote yakamwagika sakafuni.

"Samahani, mama," alisema Naitoi, akijifunika kanga haraka. "Nitapafuta."

Evodia alitamani ardhi immeze.

"Usiniombe radhi, mwanangu. Kosa ni langu."

Alipiga deki mwenyewe, akampikia uji. Mtoto alipata nafuu, wakarudi kwao wiki iliyofuata. Hadi siku ya kuondoka Naitoi alimwamkia kwa heshima ileile, lakini Evodia hakuweza kumtazama usoni.

Siku hizi jirani akimwuliza namna ya kukaa na wageni, humwambia apige hodi na asubiri kujibiwa. Kwa nini, hasemi.