Trauti wa Obonyo

Trauti ni samaki wa baridi, na Kitengela haijawahi kusifiwa kwa baridi. Obonyo alilijua hilo. Lakini tangu kiwanda kimwachishe kazi, aliyekubali kumsikiliza ni Muturi peke yake, mwenye shamba lenye bwawa. Wazo la Obonyo lilikuwa hili: walete vifaranga vya trauti kutoka milimani, wageni waje kuvua kwa starehe.

Julai, mawingu yakiwa yametanda, mambo yalinoga. Obonyo alifunga manyoya ya kuku kwenye ndoano yakafanana na nzi, wageni wakazirusha, na samaki wakadanganyika.

"Kumbe hawa ni wajinga hivi?" Muturi alicheka.

Mvua za vuli zikawa manyunyu tu. Kufikia Februari bwawa limepungua nusu, na trauti wanakuja juu midomo wazi, wakitafuta hewa. Obonyo alitandaza neti za kivuli, akaomba, akakosa usingizi.

"Wakikufa, hii dam ni ya ng'ombe," Muturi alisema. "Na wewe utatafuta kwingine. Mimi nimechoka."

Kwingine wapi, maskini? Ndipo akakumbuka ziwa la kwao. Utotoni akipiga mbizi, kila alivyoshuka ndivyo baridi ilivyozidi. Na kisima cha Muturi kilichimbwa kwa mashine, kirefu ajabu. Maji ya kisima hicho aliyotumia nyumbani yalipitia kwanza tangi la juani, kwa hivyo kwa joto lake alililaumu jua siku zote. Jioni hiyo akawasha pampu, akaelekeza bomba bwawani, hata mkono asitie kuyapima. Akalala fofofo.

Alfajiri bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki waliopinduka. Alikinga maji ya bomba kiganjani: vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto. Huku kwetu ndivyo yanavyotoka chini. Angemuuliza jirani yeyote angeambiwa.

Obonyo akaingia majini na viatu vyake, akalia kwa sauti. Akampata mmoja aliyekuwa bado anachezesha pezi. Akamshika kwa mikono miwili, akamsukuma taratibu mbele na nyuma, maji yapite kwenye matamvua apate kupumua.

Muturi alifika, akasimama ukingoni.

"Obonyo, toka huko."

"Ngoja kidogo, mzee."

"Huyo amekufa."

"Najua," Obonyo alisema, na mikono ikaendelea kumsukuma.