Maji Yaliyolala Sebuleni

Enzi ya ruksa iliponoga na bidhaa za nje kujaa madukani, kila mwanaume wa mtaa wetu wa Sakina, Arusha, mwenye duka alinunua kitu kisichomfaa. Mmoja alileta mashine ya kukatia majani, na uani kwake ni vumbi tupu. Mwingine alikuwa na friji mbili, na mgao wa umeme ukazigeuza zote kabati za vyombo. Mume wangu, muuza spea za magari, angekubali kupitwa? Thubutu! Alinunua tangi la samaki.

Usidhani kile kidude cha kuweka juu ya meza. Lilikuwa refu kuliko kochi letu, la kioo kizito, na vijana wa gereji walilibeba wakihema na kutukana. Mzungu mmoja wa Makumira alikuwa anarudi kwao, anauza kila kitu mpaka vibanio vya nguo.

"Ni la Mama," mume wangu akasema kabla sijafungua mdomo.

Hapo akaninyamazisha. Mama yake tulikuwa tumemtoa Kilimanjaro baada ya kuanguka kihambani, kwenye migomba yake, na kuvunjika nyonga, akae karibu na hospitali. Arusha hakuitaka. Anageukia ukuta, chakula anakionja kwa ncha ya kijiko, halafu anauliza, "Gari la kunirudisha linakuja lini?" Daktari alishasema barabara ile itammaliza. Kumbe hata kubaki kulikuwa kunammaliza, tukimwangalia. Nilimpenda yule mama, na niliogopa kwamba tungemrudisha nyumbani ndani ya sanduku. Mwanawe akaona dawa ni samaki. Haya.

Tangi lenyewe lilikuwa na matundu mawili kwenye kitako. Baraza la mabingwa likaitishwa: fundi breki, fundi rangi na muuza matairi. Wakainama, wakapitisha vidole, wakatikisa vichwa.

"Bosi, umepigwa. Hili bovu."

Jamani! Watu wazima na ndevu zao waliamini kwamba Mzungu alikaa chini akatoboa kioo kile, duara safi kama la sahani, ili tu amkomoe muuza spea. Nikawaambia wakamuulize mwenyewe kabla hajapanda ndege.

"Mama watoto, haya ni mambo ya ufundi," mume wangu akasema.

Nikarudi kuchambua mchele wangu. Matundu yakazibwa kwa gundi ya vioo vya magari, kazi safi kabisa ya kijinga.

Likabaki suala la kuchuja maji. Alipokwenda Nairobi kufuata spea akapita kwenye duka la samaki, akarudi na chujio la Kijerumani, kopo kubwa lililofungwa, lenye mipira miwili ya kupitishia maji. Alikuwa ameonyeshwa pia sponji ya kupuliza mapovu, akaiona ya kitoto. Na alikuwa ameelezwa, tena akaniambia mwenyewe bila hata kuona haya, kwamba tangi lenye matundu limetengenezwa hivyo makusudi: maji yanaanguka kupitia kwenye matundu hadi tangi la pili chini, yanachujwa kwenye kokoto na sponji, halafu pampu inayarudisha juu.

"Kwa hiyo matundu si ubovu?"

"Mtindo ule una kelele. Maji yanaporomoka siku nzima. Sebuleni kwa watu wenye heshima?" Akalipiga kopo lake kofi la mapenzi. "Hili kimya. Husikii kitu!"

Tukambeba Mama mpaka sebuleni. Samaki wekundu wanapita, taa inawaka, na mwanawe kasimama pembeni kama bwana harusi. Mama akaangalia sana.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Yamo humu humu, Mama."

"Yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote."

"Maji yaliyolala," Mama akasema. "Kwetu hata mbuzi hatumpi. Nirudisheni chumbani. Gari linakuja lini?"

Nikachemka. Kwao Mama mfereji unapita mlangoni, ule waliouchimba mababu kutoka msituni, kila ukoo na zamu yake ya kufungulia maji migombani. Ameamka na sauti ile tangu anazaliwa. Mume wangu pia kaamka nayo, kabla hajawa bosi.

"Zibua matundu," nikamwambia.

"Kelele..."

"Nataka kelele! Mama yako anakufa kwa ukimya, na wewe unakwenda kumnunulia ukimya mwingine Nairobi!"

Alikaa kwenye kochi akafunika uso kwa viganja, na nikajua kwamba na yeye anaogopa.

Baraza la mabingwa likarudi kuzibua lilichoziba, likaweka tangi la pili na pampu chini. Umeme ulipokatika mara ya kwanza, maji yote yalishuka, tangi la chini likafurika kwenye zulia langu, samaki wakabaki wanapiga mikia kwenye kokoto. Ndipo wakapata akili ya kusimamisha bomba kwenye tundu, mdomo wake ufike karibu na ukingo wa juu, umeme ukikatika yashuke kidogo tu. Wakawasha pampu tena. Maji yakaanza kuporomoka, nyumba nzima ikasikia.

"Nani amefungulia maji?" Mama akaita kutoka chumbani.

Tukamleta. Akakaa akisikiliza, macho kayafumba. Nikamwekea mapajani bakuli la mtori, supu ya ndizi ya kwao. Akala.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

Mume wangu akanitazama. "Yetu, Mama," akajibu.

Bakuli halijafika nusu, mgao ukapita. Pampu ikanyamaza. Mama akaweka kijiko chini.

"Wamekata huko juu. Nenda kaangalie."

Bosi mzima wa Sakina, na kitambi chake na viatu vya ngozi, akanitazama tena. Sikumsaidia. Akaenda nyuma ya jiko, akachukua jembe, akatoka getini kuelekea upande wa Mlima Meru. Dirishani niliwaona mafundi wa gereji wameacha kazi wanamshangaa, na yeye hakuwageukia.

Alikaa huko mpaka mtori ukapoa. Aliporudi viatu vilikuwa na matope.

"Nimeongea nao, Mama. Yanakuja."

"Umewasalimia?"

"Nimewasalimia."

Mama akachukua kijiko chake. Siku ile hakuuliza gari.