Balozi Alipomtazama Baba Yake Machoni

Wifi yangu Persis ni balozi wa Kenya katika nchi moja ya kaskazini, ambako jua la Desemba huchomoza saa nne asubuhi na kutua kabla ya saa tisa alasiri. Amezaliwa hapa Magwagwa, kwenye boma hili nilikoolewa, na nikimwona kwenye runinga kando ya wafalme huwa nacheka peke yangu. Ndiye aliyeunguza uji siku ya harusi yangu.

Alianza kama mpiga chapa wizarani, akapanda polepole kwa miaka thelathini, nchi baada ya nchi. Aliniambia kuwa kazi ile, ukiondoa karamu, ni kutazamana. Unapompelekea rais wa watu hati zako za utambulisho, unamwangalia machoni, maana ukiinamisha kichwa watadhani nchi yako ina la kuficha. Hilo lilimtesa kulijifunza. Sisi Abagusii mzazi hatumkodolei macho. Mnaketi ubavu kwa ubavu, nyote mkitazama shamba la majani chai, na mazungumzo yanakwenda hivyo hivyo. Ndiyo heshima yetu. Mimi nimempikia baba mkwe miaka ishirini na sita, na ukiniuliza macho yake yakoje nitakudanganya.

Agosti iliyopita Persis alikuja likizo. Wizara ilikuwa imempa kituo kingine, miaka minne zaidi, na ilitaka jibu Ijumaa. Akasema hajibu bila ruhusa ya baba yake, Mzee Mogaka, mwenye miaka themanini na tisa, anayetembea kwa kushika ukuta. Miaka minne ni mingi kwa mtu wa umri huo. Sote tulilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

Alhamisi asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Shamba la chai halikuonekana, kilima hakikuonekana, hata ng'ombe tulimsikia tu akitafuna mahali fulani ndani ya weupe. Mzee alikuwa kwenye benchi nje, blanketi magotini. Persis akatoka na kiti. Sijui ni kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, au ni mazoea ya kazi, lakini alikiweka mbele ya baba yake, akaketi, akamwangalia machoni.

"Tata," akasema, "wananipeleka mbali tena. Niende?"

Nilikuwa mlangoni na birika. Mzee naye alimtazama, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akainuka, akashika ukuta, akaingia ndani.

Nilikasirika, nasema kweli. "Wifi," nikamwambia, "hapa si kwa wafalme wako. Umemwaibisha mzee."

Alihamia kwenye benchi, akakaa pale na shali lake la kijivu hata nikashindwa kujua shali linaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Niliwaza kwamba huenda ni ndoto yangu, kwamba nikipepesa macho nitakuta benchi tupu na Persis yuko huko ng'ambo kwenye theluji. Chai ilipoa kwenye birika. Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia.

Yapata saa tano mzee akatoka. Akaketi ubavuni pake, uso wake kuelekea shambani, ambako bado hakukuonekana kitu.

"Persis."

"Ee, Tata."

"Hao wakubwa wanaokuangalia machoni miaka yote hii, hata mmoja hajakuambia kwamba umechoka?"

Persis, yeye aliyewahutubia marais, alijifunika uso kwa shali. Akalia, mabega yakitikisika. Mzee hakugeuka kumtazama. Alivuta blanketi lake, akamfunika naye magoti, wakaendelea kukaa vile.

Kesho yake Persis aliipigia wizara simu, akawaambia hapana.