Cherehani ya Mkono Wazi

Mtandaoni walimwita Mkono Wazi. Kila Ijumaa alionekana akibisha hodi kwa maskini fulani, nyuma yake vijana wamebeba godoro au jokofu, na maskini yule akianguka magotini. Watazamaji walilia, matangazo yakaingia, naye akanenepa kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Aliyewaliza watazamaji hao hakuwa yeye. Alikuwa binti mmoja mwembamba, fundi wa kukata na kuunga picha, ambaye wenzake walimwita Mkasi. Ndiye aliyejua chozi lionekane wapi na kinanda kiingie lini. Kazi hiyo aliifanya katika chumba kilichokuwa stoo, dirisha limezibwa kwa trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Hewa nayo ikaitii amri hiyohiyo. Kompyuta ilikuwa yake. Bando alijinunulia. Feni ilizimwa kila waliporekodi katika chumba cha pili. Choo kilikuwepo, tena chenye marashi, ila kilifungwa kwa ufunguo kwa kuwa ni cha wageni. Wafanyakazi walivuka barabara kumwomba muuza simu choo chake. Ukutani paliandikwa kwa rangi ya dhahabu: SISI NI FAMILIA. Familia ambayo baba hula peke yake, watoto wakalamba sufuria.

Malipo yalitegemea watazamaji. Video isipofikisha laki moja ilihesabiwa kuwa haikufanyiwa kazi. Ikifikisha, ilibidi kungoja "hesabu zitulie". Basi zilikuwa hesabu zenye wazimu, maana miezi ilipita na hazikutulia.

Mama yake Mkasi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa imekufa kabisa. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Nguo za watu zikarundikana kitandani, na wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa vilevile walivyovileta. Mkasi akapanda ngazi kwenda kudai chake.

"Bosi, nimekuja kuhusu mshahara. Mama hana cherehani, nyumbani mambo si mambo."

Mkono Wazi aliinua uso kutoka kwenye simu, macho yakamng'aa kama paka aliyesikia mlango wa jikoni.

"Mama hana cherehani? Mbona hukusema mapema, mdogo wangu? Ijumaa hii tunakwenda kumshtukiza!"

"Mimi naomba mshahara, bosi."

"Mshahara unaliwa unaisha. Hii ni baraka. Kwani sisi si familia?"

Mkasi aliijua cherehani iliyokuwa pale kwenye kampuni. Walishapewa wajane kadhaa, mmoja baada ya mwingine, na kila mara kamera ikizimwa ilirudishwa garini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufuta mchubuko wa cherehani hiyo kwenye picha, watazamaji wasiitambue. Wajane waliachiwa mfuko wa unga na ahadi. Kwa hiyo akauliza waziwazi:

"Na itabaki?"

Mkono Wazi akaweka mkono kifuani. "Kwa mama yetu? Naapa itabaki."

Mwenye shida hachagui. Mkasi akakubali.

Ijumaa wakaja, na kelele zao, na taa zao mchana kweupe. Mama alipoiona cherehani alishika mdomo. Kisha akainua mikono akamwombea yule bwana dua ndefu, ya moyoni, mpaka Mkasi akatazama chini kwa aibu.

Mpiga picha akakohoa. "Mama, sauti haikuingia vizuri. Rudia kidogo. Na ukipiga magoti itapendeza zaidi."

"Nirudie nini, mwanangu?"

"Ile dua."

"Nimeshaomba. Mungu si kiziwi."

Majirani waliojaa uani wakaangua kicheko. Mkono Wazi naye akacheka, kwa meno tu. Mama akatunga uzi, akavuta gauni la mteja, akaanza kushona. Hilo walilipiga picha mpaka wakatosheka, wakazima kamera.

Hapo ndipo dereva alipoingia, akashika meza ya cherehani. "Samahani, mama. Tunaipeleka sevisi mara moja. Kesho inarudi."

Mama akaondoa mguu kwenye pedali. Hakuwa mtu wa kung'ang'ania cha mtu.

"Bosi, uliapa," Mkasi alisema.

Mkono Wazi akamsogelea, akamnong'oneza huku akitabasamu, kama anayempa pole msibani. "Una kazi au huna? Chagua."

Mkasi alikwisha kuchagua mara nyingi. Kila mjane alipoporwa, yeye alikuwa kwenye stoo yake akitafuta kinanda kinachofaa. Akamtazama mama yake akitoa gauni lililoshonwa upande mmoja chini ya sindano. Akatoka mlangoni.

"Majirani! Mgeni wetu anaondoka na cherehani aliyotupa sasa hivi. Njooni mumsaidie kubeba. Na simu zenu mje nazo!"

Simu zikainuliwa. Dereva akaiachia meza kama sufuria ya moto.

"Kaka Mkono Wazi," muuza mkaa akapaza sauti kutoka nyuma, "tabasamu basi! Au wewe hupendi kushtukizwa?"

Mtu aliyeishi kwa kamera aliziona zote zimemgeukia, akalowa jasho. "Dereva hakunielewa," alisema. "Cherehani ni ya mama." Akapita katikati ya watu, tabasamu limemganda usoni.

Hawajafika hata lami, ujumbe uliingia kwenye simu ya Mkasi: huna kazi, na cherehani imefidia madai yako yote. Haikuwa kweli. Cherehani yenye mchubuko haikufidia hata nusu.

Video ikatoka jioni ileile, imeungwa na mwingine. Watu kwa maelfu wakaandika: Mungu akuzidishie, baba wa wanyonge. Mkasi akayasoma hayo, pamoja na ule ujumbe wa bosi, kwa mama yake, aliyekuwa anamalizia lile gauni.

"Nao wamekubali kwamba ni sadaka?" mama aliuliza.

"Wote, mama."

"Basi waandikie. Sema hatukupewa, tumelipwa." Akakata uzi kwa meno. "Na useme bado tunadai."