Kidevu Juu Kidogo

Siku sita za wiki mpiga picha za pasipoti hushinda kibandani kwake, akiwainua watu videvu kwa ncha ya kidole na kuwaambia yale yale: "Kidevu juu kidogo. Usicheke." Siku ya saba hupita msituni peke yake, mwendo wa saa tatu, kwenda kuyapiga picha maporomoko ya maji. Hurudi na tope hadi magotini. Mkewe akimuuliza kama amepata, hujibu, "Bado." Picha zote ni zile zile: maji katikati kabisa, yamenuna kama mtu anayeomba pasipoti.

Safari hii mkewe kaenda naye kushika mwavuli, maana matone huilowesha lenzi. Mume akaifuta kwa pindo la shati, akafumba jicho moja, akayaambia maji bila kujijua, "Kidevu juu kidogo." Mke akaangua kicheko hadi mwavuli ukamponyoka, ukaenda na maji. Mume akamgeuzia kamera. Mke akafunga mdomo upesi, kwa mazoea. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na picha zote alizopigwa na mumewe amenuna.

"Hapana, mama watoto," mume akasema, maji yakimchuruzika puani. "Cheka tu."